Spreyi ya steroidi ya puani kwa wenye aleji: inatibu au inatoboa pua? Waliotumia njooni

#1 Njiro Kwetu
Wakuu, salaam. Niende moja kwa moja kwenye hoja.

Kila mwaka jakaranda zikianza kuchanua hapa Arusha, mimi na pua yangu ni ugomvi. Asubuhi chafya mfululizo, macho yanawasha, kamasi jepesi linatiririka lenyewe. Usiku pua inaziba upande mmoja, nikigeuka inahamia upande wa pili. Piriton zinanilaza hadi kazini nasinzia mbele ya wateja. Safari hii daktari amenipa dawa ya kupuliza, imeandikwa flutikasoni, nipulize mara mbili kila tundu, mara moja kwa siku.

Nimeanza, wiki haijaisha. Mambo mawili yananisumbua. Kwanza sioni nafuu. Pili, jana asubuhi nimepenga kamasi likaja na damu. Jirani yangu anasema hizo ni steroidi, zinatoboa pua, zinakula mifupa, na ukishazizoea huziachi tena. Niendelee au nitupe?

#2 Kobe wa Pugu
Jirani yako ni daktari au ni jirani tu?

#3 Njiro Kwetu
Ni fundi magari. Ila anasoma sana.

#4 Jicho la Tatu
Fundi kakwambia ukweli. Steroidi ni steroidi. Ndizo hizohizo wanazotumia vijana wa jimu kujaza vifua na wadada kujaza mashavu. Mzungu akikuletea dawa ya pua jiulize kwanza anataka nini.

#5 Mfamasia Kaunta
#4 umechanganya koo mbili tofauti. Steroidi za jimu ni jamaa wa homoni ya kiume. Aliyopewa Njiro Kwetu ni kotikosteroidi, jamaa wa homoni ambayo tezi zilizokaa juu ya figo zako zinaitengeneza kila siku. Kazi yake puani ni kutuliza uvimbe. Wanaojaza mashavu wanakunywa vidonge vya deksametasoni. Hivyo kweli ni ukoo mmoja na hii, lakini kidonge kinaingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima.

Hesabu yake: mpulizo mmoja wa flutikasoni una mikrogramu 50. Mara mbili kila tundu ni 200 kwa siku. Inayofika kwenye damu haifiki asilimia 2, maana hata ile unayoimeza ini linaivunja kabla haijafika mbali. Kidonge kimoja cha prednisoloni ni miligramu 5, sawa na mikrogramu 5,000, na sehemu kubwa yake inaingia mwilini.

Kutoona nafuu kabla ya wiki kwisha ni kawaida. Wapo wanaosikia unafuu ndani ya siku moja au mbili, ila nguvu yake kamili inaweza kuchukua hadi wiki 2, tena kwa anayepuliza kila siku. Anayeikumbuka pua ikishaziba ndiye huyo anayekuja kaunta kuniambia dawa ni feki.

#6 Kobe wa Pugu
Kwa hiyo Njiro Kwetu hatajaza kifua? Pole mkuu.

#7 Nesi Mstaafu
Mfamasia umesema vema, ila hiyo hesabu ya 200 na 5,000 inapotosha. Flutikasoni ina nguvu mara kadhaa zaidi ya prednisoloni ukizilinganisha uzito kwa uzito, kwa hiyo huwezi kuzipima mizani moja. Kinachoiokoa ni kwamba inafanya kazi palepale inapotua na ni kidogo mno kinachopenya. Na si spreyi zote ziko hivyo. Mometasoni ni kama flutikasoni, haipenyi. Beklometasoni, budesonidi na triamsinoloni zinaingia kwenye damu zaidi, ingawa kwa dozi ya kawaida nazo watu wengi wanazitumia bila shida.

Njiro Kwetu, mwanangu, hebu nijibu: unapuliza kwa mkono gani, na kichwa unakiwekaje?

#8 Njiro Kwetu
Shikamoo mama. Mkono wa kulia, matundu yote mawili. Naangalia juu darini, napuliza, navuta kwa nguvu ifike ndani kabisa. Naisikia hadi kooni, chungu ina kaharufu ka mawaridi.

#9 Nesi Mstaafu
Marahaba. Damu yako nimeiona bila kukupima.

Katikati ya pua kuna ukuta unaotenganisha matundu mawili. Sehemu yake ya mbele ina mishipa midogo mingi iliyo juujuu, ndiyo inayotoka damu hata mtoto akichokonoa. Ukishika chupa kwa mkono wa kulia na kuiingiza tundu la kulia, ncha yenyewe inaelekea kwenye huo ukuta. Kila siku unapiga palepale. Unakauka, unachubuka, unatoa damu.

Badilisha mikono. Mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, mkono wa kushoto kwa tundu la kulia. Ncha ielekee nje, usawa wa kona ya jicho au sikio la upande huohuo. Kichwa inamisha kidogo, kama unaangalia vidole vya miguu. Kabla ya hapo penga kamasi taratibu na utikise chupa. Kama ni mpya au imekaa wiki haijaguswa, bonyeza hewani hadi utoke ukungu mwembamba, maana mibonyezo ya kwanza huwa haina dawa kamili. Kisha puliza huku unavuta pumzi polepole, kama unanusa ua. Usivute kwa nguvu. Ukiisikia kooni ujue umeivuta ikapita pua yote, imekwenda tumboni ambako haina kazi. Usipenge dakika chache baada ya hapo. Ncha ifute kwa kitambaa safi, wala usiizibue kwa pini, utaharibu tundu lake.

Hiyo harufu ya waridi ni ya kitu kilichowekwa pamoja na dawa. Ikikukera omba mometasoni, haina.

#10 Jicho la Tatu
Mama kazunguka sana. Inatoboa au haitoboi?

#11 Mfamasia Kaunta
Imewahi kutokea, ipo hadi kwenye karatasi ya ndani ya boksi, ila ni nadra sana. Dalili ni pua kupiga mluzi ukivuta hewa, magamba yasiyokwisha, damu inayorudi kila siku. Damu kidogo kwenye kamasi ni jambo la kawaida kwa dawa hizi: unapumzika siku chache, unapaka mafuta mepesi ya mgando kwa mbele, unarudi na mkono sahihi. Ikiendelea unakwenda kwa daktari wa pua, masikio na koo akamulike ndani.

Wenye presha ya macho au mtoto wa jicho nao wamwambie daktari kabla ya kuanza. Na aliyefanyiwa upasuaji wa pua juzi asiiguse hadi kidonda kipone.

#12 Dereva wa Tunduma
Nyie mnahangaika. Mimi nina kichupa changu mlangoni mwa gari, natia matone mawili, dakika tano pua wazi kama barabara ya Chalinze saa nane usiku. Miaka sasa. Hiyo ya kusubiri wiki mbili ni ya wenye muda.

#13 Mfamasia Kaunta
Kaka, soma kichupa. Kimeandikwa zailometazolini au oksimetazolini?

#14 Dereva wa Tunduma
Hiyo ya kwanza. Ndiyo Otrivin zenyewe.

#15 Mfamasia Kaunta
Basi jirani wa Njiro Kwetu alikuwa anakusema wewe. Hiyo siyo steroidi. Inaminya mishipa ya damu puani, nyama zinasinyaa, unapumua. Dawa ikiisha nguvu mishipa inatanuka kuliko mwanzo, pua inaziba zaidi, unatia tena. Ndiyo maana hupewi zaidi ya siku 5, au wiki moja ikizidi sana. Ukipitiliza, dawa yenyewe ndiyo inayoziba pua. Nawaona kila siku, anakuja mtu anadai kichupa kama anadai chenji yake.

#16 Dereva wa Tunduma
Sasa mkuu unanitisha. Kweli bila hicho silali. Naachaje?

#17 Mfamasia Kaunta
Wengi wanaanza spreyi ya steroidi kila siku, halafu wanaacha matone tundu moja kwanza. Likizibuka wanaacha na la pili. Usiku chache zitakuwa mbaya, lala umeinua kichwa, tumia maji ya chumvi. Na upime presha, maana hayo matone yanaweza kuipandisha. Ila kuacha kwenyewe ni lazima, kaka.

#18 Kobe wa Pugu
Babu yangu alikuwa na ugoro. Chafya tatu, siku imeanza. Hakuna aliyemwandikia uzi.

#19 Mama Wawili Tegeta
Naomba nisaidiwe mimi. Mwanangu wa miaka mitano anakoroma usiku, pua imeziba, anajisugua na kiganja kwenda juu hadi kamstari kamejichora juu ya pua. Duka la dawa la mtaani walinipa matone, yameandikwa ya macho na masikio, betametasoni na neomaisini. Wakasema hata puani yanafaa. Yanamsaidia kweli, nimekuwa nikimtilia miezi kadhaa. Hayo ndiyo steroidi mnazosema?

#20 Nesi Mstaafu
Ndiyo, dada, ila si yale tunayosema. Betametasoni ya matone inapenya kwenye damu vizuri, na tone halina kipimo kama mpulizo, moja kubwa, moja dogo. Kuna watoto waliwahi kuvimba uso kwa kutiliwa matone hayo muda mrefu. Tena hapo ameongezewa antibayotiki asiyoihitaji. Usifanye maamuzi ya kuacha ghafla wala ya kuendelea mwenyewe. Mpeleke kwa daktari wa watoto wiki hii, nenda na kichupa, mwambie umetumia tangu lini. Mwili ukizoea kuletewa homoni unaweza kupunguza kutengeneza yake, kwa hiyo ni yeye wa kupanga namna ya kuacha.

Huo mstari juu ya pua ni alama tunayoijua, ya watoto wa aleji. Ila kukoroma kunaweza kuwa na sababu nyingine pia, tezi za nyuma ya pua. Apimwe.

#21 Mama Wawili Tegeta
Asante mama. Na spreyi zenyewe kwa mtoto zinaruhusiwa? Nasikia zinadumaza.

#22 Mfamasia Kaunta
Flutikasoni ya kawaida inaanzia miaka 4, mpulizo mmoja kila tundu kwa siku. Kuhusu kimo, kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2000, watoto wa miaka 6 hadi 9 walipulizwa beklometasoni mara mbili kwa siku mwaka mzima. Wakakua wastani wa sentimita 5.0, wenzao waliopewa isiyo na dawa wakakua 5.9. Tofauti ipo, ila beklometasoni ni miongoni mwa zile zinazopenya zaidi. Ndiyo maana kwa watoto tunapenda zisizopenya, dozi ndogo inayotosha, na kimo kinapimwa kila kliniki.

#23 Nesi Mstaafu
Nyongeza: mtoto akitoka kamasi lenye harufu mbaya tundu MOJA tu, hiyo si aleji. Nimetoa shanga, maharage, na safari moja betri ya saa. Betri haisubiri kesho.

#24 Fundi Kapeti
Mimi naona wote mmeruka swali. Kwa nini ni jakaranda? Njiro Kwetu, hiyo miti haina kosa. Chavua yake ni nzito, inabebwa na nyuki, hairuki na upepo kukufuata chumbani. Inayoruka ni chavua ya nyasi. Jakaranda wanachanua Oktoba na Novemba, kipindi kilekile cha vumbi la kiangazi na mvua za vuli zikianza kuotesha majani. Anaonekana yeye kwa sababu ana rangi.

#25 Njiro Kwetu
Mkuu, mbele ya nyumba yangu iko miwili. Maua yakidondoka tu, naanza. Utaniambia nini?

#26 Fundi Kapeti
Nitakwambia unaamka na chafya au unazipata ukitoka nje?

#27 Njiro Kwetu
Naamka nazo.

#28 Fundi Kapeti
Basi tafuta ndani. Kapeti, mito, godoro, mapazia ya tangu harusi. Humo kuna wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho, na kinachokuchokoza ni kinyesi chao. Ninasafisha kapeti kwa kazi, nayaona ninayoyaona. Shuka zifuliwe kwa maji ya moto wa nyuzi 60, si ya uvuguvugu.

#29 Mbio za Alfajiri
Sikubaliani na #24 kabisa. Nikiwa Nairobi jakaranda zikimwagika naziba, nikirudi Iten napona. Kapeti ni lile lile, nalibeba kwa gari 😂

Lakini niko na swali langu. Mimi hukimbia, siyo jina kubwa, lakini mwaka ujao nataka kuingia mbio ambazo watu hupimwa mkojo. Mkisema steroidi mimi natoka jasho. Hii spreyi itanifungia nje?

#30 Mfamasia Kaunta
Kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, zinakataza kotikosteroidi wakati wa mashindano zikimezwa, zikichomwa sindano au zikipitishwa njia ya haja kubwa. Za kupuliza puani kwa dozi ya kawaida haziko kwenye katazo. Sindano zote, hata ya kwenye goti, zimeingia kwenye katazo hilo tangu Januari 2022. Hata hivyo mwambie daktari wa timu na uandike kila unachotumia.

Cha kuogopa zaidi ni vidonge vya homa na mafua vyenye pseudoefedrini. Hiyo ikizidi mikrogramu 150 kwa mililita ya mkojo siku ya mashindano, una kesi. Na hivyo vinauzwa kama pipi.

#31 Mbio za Alfajiri
Asante sana daktari. Hiyo ya homa sikuijua, na ndiyo imejaa kwa begi.

#32 Theluji Tupu
Niko Minnesota. Nyumbani Morogoro sijawahi kupiga chafya zaidi ya ile ya pilipili. Nimefika huku, miaka ya mwanzo salama, nikajisifu. Halafu mwaka mmoja, Agosti ikiishia, macho yamevimba nikadhani nimeng'atwa na nyuki. Wakaniambia ni magugu fulani yanayomwaga chavua kuanzia mwezi huo hadi baridi ya kwanza iyaue. Mwili unajifunza kuchukia kitu baada ya kukutana nacho misimu kadhaa.

Nilichofundishwa huku ni kutosubiri. Naanza spreyi wiki mbili kabla ya msimu, wakati pua bado nzima. Njiro Kwetu, kama unajua Oktoba ndiyo yako, mwakani anza Septemba katikati, iwe jakaranda au kapeti.

#33 Mzee wa Sindano
Wiki mbili za nini? Mimi kuna sindano ya aleji, ya triamsinoloni, miligramu 40. Nachomwa moja tu msimu ukianza, nasahau. Spreyi ni za watoto.

#34 Nesi Mstaafu
Mzee mwenzangu, hiyo ndiyo steroidi hasa aliyoiogopa fundi magari. Inakaa mwilini wiki kadhaa na ikishaingia huwezi kuitoa. Inapandisha sukari, inalaza tezi za juu ya figo, na mahali pa sindano panaweza kubonyea na kuwa peupe. Nimewaona wenye kisukari wakilazwa baada yake. Miongozo mingi haishauri kuchomwa kila msimu kwa ajili ya chafya. Unapima sukari?

#35 Mzee wa Sindano
Sukari ninayo kidogo.

#36 Kobe wa Pugu
"Kidogo." Haya mama, kazi kwako.

#37 Bibi wa Kiungani
Wanangu, hamjambo. Zamani tulikuwa twajifukiza. Mkaratusi, mchaichai, shuka juu ya kichwa. Na mafuta ya habasoda tone moja puani. Mbona hamyataji?

#38 Fundi Kapeti
Bibi shikamoo. Nyungu 2020 tulijifukiza nchi nzima, pua yangu haikusikia.

#39 Mfamasia Kaunta
Shikamoo bibi. Mvuke unalegeza kamasi, hauondoi aleji, na nimeona watoto wameungua kwa sufuria lililopinduka. Mafuta ya kula puani kila siku siyashauri, yakishuka kwenye mapafu yanaleta ugonjwa. Maji ya chumvi ndiyo yanafaa: yachemshwe, yapoe, ndipo usukutue pua. Yasiwe ya bomba moja kwa moja. Ukimaliza kusukutua subiri maji yatoke ndipo upulize dawa, la sivyo unaiosha.

#40 Abuu Swafia
Assalaam alaykum. Hapa Tanga tuna swali la kila mwaka: ukipuliza mchana wa Ramadhani umefungua?

#41 Bibi wa Kiungani
Wa alaykum salaam. Kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi, kilichopita puani kikafika ndani, umefungua. Hata kwenye udhu mfungaji haambiwi avute maji kwa bidii.

#42 Abuu Swafia
Bibi, ndivyo nilivyosoma chuoni. Ila Baraza la Kimataifa la Fiqhi, kikao cha Jeddah 1997, waliyaweka matone na spreyi za puani kwenye yasiyofunguza, kwa sharti mtu asimeze kinachofika kooni. Mashekhe wetu wako pande zote mbili.

#43 Mfamasia Kaunta
Wa alaykum salaam. Ya fiqhi nawaachia wenyewe. Ya dawa ni kwamba inapulizwa mara moja kwa siku. Puliza baada ya futari au kabla ya daku, saa ileile kila siku, hakuna kinachopungua.

#44 Sauti ya Chini
Nimefungua akaunti leo kwa ajili ya uzi huu. Ndugu yangu anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, amebadilishiwa mstari wa pili, zile za baada ya dawa za kwanza kushindwa. Alikuwa na aleji, akapewa flutikasoni sehemu nyingine ambako hakusema hali yake. Baada ya muda uso ukavimba wa duara, tumbo likajaa, mikono ikawa myembamba. Majirani wakasema amenenepa, dawa zimemkubali. Ilibidi daktari mmoja amuulize mara tatu kama anapuliza kitu puani. Mnasema haifiki kwenye damu, sasa hii imekuwaje?

#45 Mfamasia Kaunta
Pole kwake na kwako. Ni jambo linalojulikana kabisa. Dawa za mstari wa pili mara nyingi zinakuwa na ritonaviri, ambayo inazuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja flutikasoni. Ile niliyosema ini linaivunja, kwake ilikuwa haivunjwi, inalundikana. Budesonidi nayo ina tatizo hilo. Kwa wenye ritonaviri au kobisistati, inayozuia kimeng'enya hichohicho, beklometasoni ndiyo inayopendekezwa, ikibidi. Wanaotumia mstari wa kwanza wenye dolutegraviri hawana mgongano huu. Asiache ghafla spreyi bila daktari wake kujua, kwa sababu niliyosikia Nesi akimwambia Mama Wawili.

Ndiyo kusema hiyo beklometasoni tuliyoisema vibaya huko juu kwa watoto, hapa ndiyo inakuwa mkombozi.

#46 Sauti ya Chini
Asante. Wameshambadilishia, anaendelea vizuri.

#47 Jicho la Tatu
Hili la #44 limeninyamazisha. Lakini basi si mkubali kwamba si salama?

#48 Nesi Mstaafu
Salama kwa nani, anatumia nini kingine, anapulizaje, kwa muda gani. Hata Panadol ina swali hilohilo.

#49 Mwana wa Sengerema
Samahani kuingia kwa kuchelewa. Nyote mmekwepa jambo. Pua inayoziba usiku na kuhama upande ni NYAMA ZA PUA. Mimi nilikatwa, nikapona. Njiro Kwetu akatwe aachane na spreyi.

#50 Nesi Mstaafu
Nyama hizo kila mtu anazo, Mungu kaziweka kupasha hewa joto. Kwa kawaida zinavimba kwa zamu, ndiyo maana pua inahama upande. Kwa mwenye aleji zinavimba kupita kiasi, na spreyi ndiyo inayozipunguza. Hata zile nyama za kuota zenyewe tunazianza kwa spreyi. Kisu baada ya dawa kutumika vizuri na kushindwa.

#51 Mwana wa Sengerema
Mimi nilikatwa nikapona, mama. Hayo mengine sijui.

#52 Kobe wa Pugu
Ulikatwa lini?

#53 Mwana wa Sengerema
Mwaka juzi. Mwaka huu zimeanza kurudi kidogo.

#54 Njiro Kwetu
Mrejesho wakuu. Nimebadilisha mikono, damu haijarudi na kooni siisikii. Chafya zimepungua, macho bado. Kapeti nimelitoa nje, mke wangu hasemi na mimi. Usiku pua bado inaziba, sasa sijui ni dawa haijakolea, ni jakaranda bado wanamwaga, au ni hizo nyama. Jirani naye kasema kama damu imekata basi ni maombi yake.

#55 Fundi Kapeti
Kapeti lianikwe juani, usilirudishe. Utaniambia.

#56 Mbio za Alfajiri
Kata jakaranda, utuambie pia.

#57 Nesi Mstaafu
Asikate mti wa watu. Macho yakizidi omba matone ya macho ya aleji, yasiyo na steroidi; yenye steroidi yana daktari wake. Maliza wiki zako. Nafuu ikija, daktari anaweza kukushusha hadi mpulizo mmoja kila tundu. Isipokuja baada ya mwezi, rudi. Na ukianza kubanwa kifua au kukohoa usiku, rudi mapema, maana pua na mapafu ni njia moja, pumu inaweza kuanzia hapo. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe na TB, usikisingizie aleji.

#58 Dereva wa Tunduma
Nimeanza kuacha, tundu la kulia. Niko Makambako, silali, nawasomeni tu. Mfamasia, kuna spreyi ya steroidi mke wangu alifungua mwaka jana, bado inatikisika ina maji. Niitumie?

#59 Mfamasia Kaunta
Usiitumie. Chupa nyingi za flutikasoni zina mipulizo 120, kwa minne kwa siku ni mwezi mmoja. Ikipita hapo inaweza kuendelea kutoa ukungu lakini kipimo hakina uhakika, hata kama unasikia maji ndani. Angalia na tarehe ya mwisho kwenye boksi. Halafu kila mtu na chupa yake, ncha hiyo imeingia pua ya mwenzio. Ukifika Mbeya nunua mpya, na usome jina kabla hujalipa.